Tovuti ya Vibanja na Watu wa Dar

Rwamishenye,
Bukoba.
14 Septemba 2025

Mpendwa Tatenkazi, shangazi yangu Agnetha,

Shikamoo. Natumaini goti lako limezizoea ngazi za nyumba mpya na kwamba baridi ya huko Umeå haijaanza kukusumbua. Sisi hatujambo. Presha ya Baba imetulia tangu alipopunguza chumvi, ingawa kila mlo analalamika kwamba tumemlaza wodini akiwa kwake. Mama anauliza kama umepata kwaya. Anasema hawezi kukuamini ukimwambia uko salama kama huimbi.

Mvua za vuli zimeanza mapema. Njia ya kupandia Kitendaguro ni utelezi mtupu, na mahindi ya Mama yamelala chini, lakini migomba imefurahi.

Barua hii anakuletea Annastella, binti wa jirani yetu, anayerudi chuoni huko Sweden. Amekubali kubeba na amwani kidogo. Ni kahawa ya Muleba, Mama ameichemsha mwenyewe na majani yake, kwa hiyo ukitafuna usiharakishe. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu huwa nasema nusu ya jambo, halafu nabaki na nusu nyingine siku nzima.

Uliniuliza mwezi wa saba kuhusu tovuti yetu, "Kokubanza, kwa nini usiwape wanaojua?" Nikakujibu kwamba tutaona. Halikuwa jibu. Nilikuwa bado sijalifikiria vizuri, na nilikuwa na hasira na mdogo wangu Johnson kwa kuwa alikuwa ameshakueleza upande wake kabla yangu.

Unajua kazi ilivyoanza. Baba alipostaafu ualimu alikuwa anakwenda Muleba kupalilia kibanja chako, jirani akaona, akaomba naye atazamiwe cha kaka yake aliyeko Dodoma, na mambo yakaendelea hivyo. Sasa tunatunza vibanja vya watu walioko mbali: tunapalilia, tunatandaza nyasi, tunapogoa mibuni, tunasafisha makaburi, tunatuma picha kila mwezi. Lakini mwaka huu wateja kadhaa wameondoka. Si kwa ubaya. Wengine wamestaafu na kurudi nyumbani, mmoja amefariki na watoto wake bado hawajaelewana. Tusipopata wapya kabla ya watu kurudi kwa Krismasi, Januari Baba atalazimika kuwaambia nusu ya kina mama wanaotufanyia kazi wabaki majumbani kwao. Baadhi yao aliwafundisha kusoma. Naona anavyokaa nao siku hizi baada ya kazi, kama mtu anayeaga taratibu.

Ndipo Johnson alipoleta habari ya kampuni moja ya Dar. Kazi yao huiita SEO, maana yake kuifanya tovuti ionekane juu mtu anapotafuta kitu Google. Wewe unaijua tovuti yetu, niliitengeneza mwenyewe na inaonekana hivyo. Mtu akitafuta, sisi tuko ukurasa wa nne, chini ya hoteli na chini ya watu waliokwisha funga biashara. Wao walitaka tuwakabidhi kila kitu kwa miezi sita: maneno, picha, nywila, yote. Kwanza wangetufanyia mwezi mmoja wa majaribio.

Nilikataa, halafu nikajiuliza kwa nini nakataa. Johnson alisema naandika ukurasa mmoja kwa wiki tatu. "Dada, hii ni tovuti, si tasnifu. Mwalimu wako hayupo." Baba alicheka, na mimi nikaumia kwa sababu ilikuwa kweli. Nina tabia ya kudhani kwamba kitu nikikishika mwenyewe kitakuwa safi zaidi, na mara nyingi kinakuwa kimechelewa tu. Kwa hiyo nilikubali mwezi wa majaribio. Sikutaka kina mama wale wakose kazi kwa ajili ya kiburi changu.

Aliyepewa kazi yetu anaitwa Yasmin. Nakuambia mapema kwamba si mtu mbaya, na anaijua kazi yake. Siku ya kwanza alinionyesha mambo ambayo sikuyajua: tovuti yetu ilikuwa nzito mno kwa simu za bei ndogo, na kwenye ramani tulikuwa tumewekwa katikati ya ziwa. Nilimweleza kwamba kibanja si bustani. Ni migomba, mibuni, nyumba na makaburi ya wazazi pamoja, na mtu akikiacha kikawa pori, jina lake linatajwa kila msiba. Alisikiliza na kusema ameelewa. Kisha akasema watu hawatafuti neno hilo, wanatafuta bustani, na akaweka "bustani" kila mahali.

Tulipanda kweli. Kabla mwezi haujaisha tulikuwa ukurasa wa kwanza na simu zikaanza kulia. Wa kwanza alitaka maua ya waridi mbele ya hoteli. Mwingine aliuliza kama bustani yetu ina nafasi ya harusi ya watu mia tatu na kama muziki ni juu yetu. Baba alipokea simu hiyo. Alimjibu kwa upole kwamba nafasi ipo, ila wenyeji wengi wa bustani zetu wamelala na hawapendi kelele. Hakuna hata mmoja aliyepiga kwa ajili ya kibanja.

Yasmin akasema kinachokosekana ni picha za kabla na baada. Ni ushauri wa kawaida, hata fundi rangi huutumia. Johnson akamtumia zilizokuwa kwenye simu yake, mimi nikiwa Muleba na Baba. Picha ya "kabla" aliyoichagua ilikuwa ya kibanja cha Mzee Mushumbusi, yule aliyehamia Mwanza. Nyasi zilikuwa kiunoni, mgomba mmoja umelalia kaburi la baba yake, na msalaba unaonekana nusu. Chini yake wakaandika: kibanja kilichotelekezwa, Muleba.

Kwa mtu wa Dar ile ni picha ya nyasi. Haikuchukua hata wiki ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwao. Mmoja akaandika, "Hiki si cha kina Mushumbusi? Naona migomba imestaafu pamoja na mzee." Wengine wakaweka vicheko.

Mzee alinipigia mimi. Hakupandisha sauti.

"Binti yangu, nilikupa kazi ya kuondoa aibu yangu. Sikukupa kazi ya kuibandika."

Nikamwambia samahani, mzee, tunaiondoa sasa hivi.

"Na baba yangu, alikuambia anatafuta wateja?"



Yasmin aliifuta mara moja nilipompigia. Lakini alishangaa. "Jina lake halipo pale, dada."

"Lipo kaburi la baba yake, na mteremko wa kushukia ziwani. Kwetu hilo ni jina na ukoo."

Akasema hakujua, na angetamani ningemwambia. Nilikuwa nimemwambia kibanja ni nini. Sikumwambia kwamba kwetu mteja halipii nyasi zikatwe tu, analipia zisionekane zilikuwepo. Mimi mwenyewe sikuwa nimelisema hivyo kichwani mwangu mpaka siku ile.

Baba alisema simu haitoshi. Dada wa Mzee Mushumbusi, Ma Kokugonza, anakaa nyumba ya pili kutoka kibanja kile, na huwezi kumkosea mtu wa Mwanza ukaishia kumwomba radhi Mwanza. Tulikwenda watatu. Tuliketi, tukaulizwa habari za nyumbani, za mvua, za presha ya Baba. Baba akaeleza kosa bila kumtaja Johnson wala Yasmin, akasema "sisi". Ma Kokugonza alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Johnson alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Unajua kinachosubiriwa hapo: atoke na amwani ya msamaha au atoke mikono mitupu.

Alitoka na kikapu kidogo cha kahawa. Akampa Baba, akanipa mimi, akamfikia Johnson na kukishikilia.

"Ndiye mpiga picha?"

"Ndiyo, Ma."

"Tafuna. Ungekuja peke yako ungerudi na njaa." Kisha akamgeukia Baba. "Kaka yangu ana hasira kwa sababu picha haikusema uongo. Mwacheni apoe. Na mtoto huyu aje Alhamisi na panga, upande wangu wa juu nao umeota, asiupige picha."

Johnson alikwenda Alhamisi. Alirudi na malengelenge na hakuzungumza habari ya SEO siku mbili. Mzee Mushumbusi ametubakiza, kwa sharti kwamba picha za kwake zinakwenda kwake tu.

Sasa nifike kwenye uamuzi, maana mkataba wa miezi sita uko hapa mezani haujasainiwa, na Yasmin nimemwahidi jibu Ijumaa.

Ingekuwa rahisi kusema watu wa Dar wametuaibisha, basi. Lakini picha tulizituma sisi wenyewe. Na nikiirudisha kazi yote mikononi mwangu, ukurasa unaofuata utatoka Pasaka. Kabla Yasmin hajaja, hakuna mgeni aliyetuona kabisa. Siwezi kujifanya hilo ni heshima.

Kilichonisaidia kuamua ni kitu kidogo. Google humwonyesha mwenye tovuti baadhi ya maneno ambayo watu waliandika mpaka wakamfikia. Yasmin alinifundisha kuyasoma. Mengi ni bustani, maua, harusi. Katikati yake kulikuwa na sentensi zilizoandikwa mara moja au mbili. "Nani anaweza kunisafishia kaburi la mama Muleba." Nyingine: "kibanja cha baba hakuna mtu". Ndivyo ilivyoandikwa, imeishia hapo. Nilipomwonyesha Yasmin alisema hayo hayana faida kuyafuata, wanaoyaandika ni wachache mno. Kwa kazi nyingine yuko sahihi. Lakini sisi hatuhitaji watu elfu. Tunahitaji labda kumi, na kumi hao ndio wanaoandika namna ile, wakiwa peke yao, wakimwuliza Google kile wanachoona haya kumwuliza shemeji.

Nilimsomea Baba ile ya kibanja cha baba hakuna mtu. Aliuliza ni nani. Nikamwambia haionyeshi. Akauliza tena, kana kwamba sikumsikia vizuri mara ya kwanza.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Sitasaini kukabidhi kila kitu. Nitamwomba Yasmin tumlipe kwa yale anayoyajua kuliko mimi: uzito wa tovuti, ramani, ionekane vizuri kwenye simu, na kunionyesha kila mwezi tunapanda au tunashuka. Nimeshamdokeza. Amesema, "Basi nipe maneno yako nami nitayafikisha, ila uyalete, usiyakalie." Inaonekana Johnson amemsimulia tabia zangu. Maneno na picha vitabaki hapa nyumbani, na hakuna picha ya "kabla" itakayotoka. Tutaweka za baada tu. Johnson atazipiga, Baba atazipitisha, mimi nitaandika, na Johnson amepewa ruhusa ya kuninyang'anya ukurasa ukizidi wiki moja. Neno bustani linatoka. Tutashuka kidogo kwanza, Yasmin ameshanionya, na Desemba si mbali. Naogopa, lakini ni woga ninaoweza kufanya kazi nao.

Shida iliyobaki ni hii, na ndiyo sababu hasa ya barua. Nakijua kibanja, lakini sijawahi kuwa mbali nacho. Nikikaa kuandika, naandika kama mtu anayeamka na kukiona dirishani. Wewe umekuwa mbali tangu kabla sijaanza shule.

Kibanja chako kiko salama. Baba alikwenda wiki iliyopita, nyasi zimetandazwa mpaka nyuma ya nyumba, na kaburi la Babu limepakwa chokaa. Nakuambia bila kuulizwa, kwa sababu huulizi. Kila ukipiga unauliza presha, mvua, shule za watoto wa jirani, na hapo unaaga. Sijui ni kwa kuwa unatuamini, au ni kwa kuwa unaogopa tutakachosema.

Basi naomba unisaidie kwa jambo ambalo Yasmin hawezi, wala mimi. Iko siku unakikumbuka kibanja na hutaki kumpigia Baba. Siku hiyo, ukishika simu, vidole vyako vinaandika nini? Niandikie kama yalivyo, kabla hujayasahihisha. Ukurasa wa kwanza utaanza na maneno hayo, na jina lako halitakuwepo.

Baba anakusalimu, na anasema chokaa ile aliipaka mwenyewe, asisingiziwe mtu mwingine. Mama anakusalimu na kukukumbusha kwaya. Johnson anakusalimu kwa mikono iliyopona. Nisalimie majirani zako wa ghorofani waliokubebea makabati, na mwambie Annastella asiondoke kwako bila kula.

Mungu aliyekulinda kwenye theluji ya miaka yote hii aendelee kukulinda, na akurudishe siku moja uketi mlangoni pako mwenyewe, kumekwisha kupaliliwa.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Kokubanza