Pagume ya Siku Sita

Saris, Addis Ababa
Tikimt 12, 2016
(kwa kalenda ya huko kwenu, Oktoba 23, 2023)

Mpendwa Dada Senait,

Hujambo na wote wa nyumbani? Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Mama yako, Mama Mkubwa wangu, aliniambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi. Dawit bado yuko kwenye zamu za usiku? Na Liya amepata leseni ya udereva, au bado anagonga nguzo za Melbourne? Ninyi ndio ndugu wa karibu niliobaki nao, kwa hiyo nauliza kwa moyo, hata kama yanayofuata hayatasikika hivyo.

Mimi ni mzima. Mvua zimekatika, uani maua ya njano yamejaa, na jirani yetu amenunua jogoo asiyejua asubuhi ni saa ngapi.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Niliusikiliza mara mbili. Ulisema, "Mahlet mdogo wangu, yamalizeni kinyumbani, Biniam anaoa mwezi wa Tir, Januari hii inayokuja." Hukuniuliza kilichotokea. Ndiyo maana nimeamua kuandika, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unajua nafanya kazi gani, ingawa nadhani hujawahi kuielewa. Kampuni yetu ina zahanati kumi na moja, hapa mjini na kule Adama. Kompyuta zake zote zinaongozwa kutoka chumba chetu makao makuu. Muuguzi hawezi kujiwekea programu yoyote; kinachoingia kwenye mashine yake ni kile tulichokipima, tukakifungasha, tukakitia muhuri na kukituma sisi. Mwaka jana tuliandika programu yetu wenyewe ya kumbukumbu za wagonjwa, kwa sababu zile za kununua hazijui kwamba mwaka wetu una miezi kumi na mitatu. Kuifungasha na kuipeleka kwenye kompyuta mia moja na arobaini ilikuwa kazi yangu. Niliijaribu wiki sita kwenye mashine tatu. Niliilea kama mtu anavyolea mgonjwa.

Kaka yako Biniam ndiye bosi wangu. Sikumbushi ili kusimanga. La, nasema uongo, nasimanga. Miaka minne iliyopita Mama Mkubwa alikuja kwangu analia kwamba kijana amerudi kutoka India na shahada yake na hana kazi. Nilizibeba karatasi zake mwenyewe hadi kwa mkurugenzi. Miezi kumi na minane baadaye nikawa namwomba yeye ruhusa ya kwenda kumwona daktari wa meno.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Ni dogo mpaka linatia aibu.

Programu mpya ilipaswa kuingia siku ya Mwaka Mpya, Meskerem 1, saa tatu asubuhi, zahanati zote zikiwa zimefungwa. Ilikuwa lazima iwe hivyo. Ikiingia, inaing'oa kwanza ile ya zamani, kisha inajipakua kupitia mtandao ule mwembamba tulio nao, na kwa saa tatu hivi mashine haina kumbukumbu ya mgonjwa yeyote. Siku ya sikukuu hakuna atakayejua. Niliandika hivyo kwenye waraka, nikapiga mstari chini ya tarehe.

Lakini mtambo unaotuma amri unajua kalenda yenu tu, wala kitufe cha mwisho hakibonyezwi na mtu wa ngazi yangu. Nilimwambia Biniam, "Niachie niweke tarehe mimi." Akacheka. "Mahlet, hata mtoto anajua Mwaka Mpya ni Septemba kumi na moja." Akaandika kumi na moja, akabonyeza, akaenda kula.

Mwaka huu Pagume, ule mwezi wetu mfupi wa kumi na tatu, ilikuwa na siku sita badala ya tano, Dada. Wewe uko mbali, una haki ya kusahau. Lakini hapa nyumbani kila muuza kuku alijua kwamba sikukuu imesogea siku moja, imekuwa Septemba kumi na mbili. Kaka yako alikuwa amenunua mpaka kondoo wa siku yenyewe. Mkono ulioandika tarehe na mkono uliomfunga kondoo kamba ni mmoja, na haukuwahi kujiuliza.

Kwa hiyo programu ikashuka siku ya sita ya Pagume, Jumatatu, mkesha wa sikukuu, watu wakiwa wamejipanga hadi nje. Saa tatu kamili mashine zote zilijizima na kujiwasha. Zinash, mhudumu wa mapokezi wa Adama, alinipigia akipiga kelele. "Dada, kompyuta yangu imesahau watu wote! Nina foleni ya watu hamsini, niwaite nani?" Nilikimbilia ofisini kwa Biniam aizuie amri. Hakuwepo, na simu alikuwa ameizima.

Adama palikuwa na mzee mmoja, Ato Lemma, fundi cherehani, ana homa kali hata hawezi kujieleza. Miaka mitatu nyuma aliwaambia wauguzi kwamba sindano ya penisilini inamdhuru, na tangu hapo kila akija maandishi mekundu hutokea kwenye kioo kabla muuguzi hajagusa chupa. Siku hiyo kioo kilikuwa cheupe. Muuguzi alisubiri zaidi ya saa moja, foleni ikamsukuma, akamchoma. Mzee aliacha kupumua. Walimrudisha, lakini alilala hospitali siku kumi na tisa, na alipotoka mikono yake ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba hawezi kutia uzi kwenye sindano.

Wakubwa walitaka jina moja, kwa maandishi. Biniam aliandika langu. Alisema waraka wangu haukueleza vizuri. Nilimwuliza, tukiwa wawili tu, "Haukueleza nini?" Akaniangalia usoni, "Ungeandika kwa kalenda zote mbili." Mtu niliyemfungia kamba za viatu utotoni, Dada. Nilitamani kumzaba kofi, na sijui kwa nini sikumzaba.

Nilikataa kuitia sahihi karatasi hiyo ya kukiri kosa. Hapo ndipo mlipowatuma wazee.

Walikuja Jumapili baada ya kanisa, watatu: mzee wetu Gashe Worku, pamoja na padri, baba yetu wa kiroho, na mama yako nyuma yao amejifunika shali mpaka puani. Nilikuwa nimetandaza nyasi sakafuni, nimekaanga kahawa ya wageni. Nikasema, "Karibuni mkae."

"Hatukai," akasema Gashe Worku. "Tutasimama hapa mpaka utuambie ndiyo."

"Ndiyo ya nini, Gashe?"

"Sema kwanza. Ukishasema tutakueleza."

"Mimi si mtoto wa kupewa dawa nimefumba macho."

Padri akakohoa. "Mwanangu, kijana ana harusi. Wakwe wakisikia kwamba alikaribia kuua mtu, watamnyima binti yao."

"Na mimi nikionekana nimekaribia kuua mtu?"

Hapo mama yako akateremsha shali. "Wewe huna harusi ya kuharibika, mwanangu."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuambia kwamba kitambaa chako kimeteleza. Nina miaka arobaini na mmoja, Senait. Sikujua kwamba kuishi peke yangu kumenifanya kuwa mahali pa familia kutupia taka.

Unaijua desturi yetu kuliko mimi. Mwenye kosa ndiye hubeba jiwe shingoni, akija ameinama nyuma ya wazee, mpaka aliyekosewa amwambie tua. Nilichungulia nyuma yao. Biniam hakuja hata na kokoto. Lile jiwe walikuwa wameniletea mimi nilibebe.

Walisimama saa nzima na nusu. Gashe Worku ana miaka themanini na mbili na miguu yake imevimba. Alianza kuyumba, akashika fremu ya mlango, na mimi ndiye niliyelelewa kutomwacha mzee asimame. Kahawa ilichemka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna aliyeigusa. Nikasema ndiyo. Wakakaa, wakanibariki, wakanywa, mama yako akasifu jinsi nilivyoikaanga. Kesho yake nilitia sahihi.

Sasa nina barua ya onyo la mwisho inayosema Mahlet Ayele alituma programu bila uangalifu. Nimevuliwa ufunguo wa mtambo. Nimepangiwa kubandika namba nyuma ya kompyuta. Kazi yangu ni ya kuaminiwa tu, maana mtu anayeweza kugusa mashine zote kwa mara moja ni wa kuaminiwa au hafai. Hakuna atakayenipa tena ufunguo wa aina ile katika mji huu. Mlichoniomba "kinyumbani" ni hicho.

Kulikuwa na jambo la mwisho katika ile ndiyo yangu. Wazee walisema ni vyema niende Adama nikamwombe mzee radhi, ili mambo yafungwe vizuri. Nilikwenda juzi Jumamosi, na kilo mbili za machungwa.

Ato Lemma alikuwa amekaa barazani kando ya cherehani yake iliyofunikwa. Mkewe, Weyzero Bontu, alinipa kiti. Nilianza hotuba yangu. Mzee aliniacha nifike katikati, kisha akasema, "Ngoja. Wewe ndiwe uliyeweka siku?"

Nikayaweka machungwa chini.

"Nakuuliza kwa sababu nimeshona miaka hamsini," akasema. "Nikikosea mkato, najua ni mkasi wangu. Sasa wewe, ni mkasi wako?"

Alikuwa ameshaniwekea mkono wake begani, ule unaotetemeka, tayari kunisamehe. Nilihisi mtetemo wake mpaka kwenye meno. Angenisamehe pale pale, wangenipa chakula, ningerudi Addis kabla ya jioni, nanyi mngecheza ngoma mwezi wa Tir. Kwenye karatasi nilikuwa nimeweza kulibeba kosa lake. Lakini kuuiba msamaha wa mzee yule na kumpelekea Biniam mfukoni, hapana, Dada, hilo halikunitoka mdomoni.

Nikasema, "Si mkasi wangu, baba."

"Basi ni wa nani?"

Nikawaeleza yote, kuanzia waraka hadi kondoo. Bontu aliingia ndani akatoka na daftari la vipimo vya wateja, akageuza ukurasa mweupe. Mwanao Liya anajua kuandika jina la mjomba wake kwa herufi zenu. Mimi nilimtajia mama yule jina hilo kwa zetu, polepole, maana alikuwa anaandika. Leo asubuhi amelipeleka kwa wakubwa wetu mwenyewe.

Msalimie Dawit, na Liya, na umbusu yule mdogo, Natan. Mama yako sikumtembelea wiki hii, utamsalimia wewe kwa simu. Mungu aliponye goti lako, aijaze nyumba yako, na akusafirishe salama ukija, harusi ikiwepo au isiwepo.

Nimalizie na jambo moja. Jina nililolitaja lilikuwa kamili, pamoja na la baba kama ilivyo desturi yetu: Biniam Girma. Hilo la pili ni lako pia, na la marehemu baba yako, Gashe Girma, aliyenilipia shule. Kwa kulitamka hilo la pili nakuomba radhi. La kwanza, siombi.

Ni mimi ninayekupenda bado, wiki hii kwa shida,

Mahlet