Koti Kwenye Tundu la Zizi

Kijijini, 10 Januari 1996

Mdogo wangu Dulustan,

Chuchu moja ya ng'ombe wetu Kirsa imekufa kwa baridi jana, tarehe tisa, saa nne asubuhi. Ya mbele, kulia. Sasa salamu. Hujambo? Wifi Tuyara hajambo? Mimi mzima, ukiacha huyu mtoto wa jicho.

Jana nilipanda ngazi nijue kwa nini paa la zizi linadondosha maji. Nikapapasa tundu la hewa, nikashika kitu laini. Koti lako la pamba! Umeziba tangu tarehe thelathini Desemba, ulipokuja kunisaidia kukamua. Siku kumi, pumzi za ng'ombe saba zimepanda darini, zikakosa pa kutokea, zikawarudia migongoni kama mvua. Kirsa akatoka kwenda kunywa mtoni amelowa mpaka kiwele, nje nyuzi hamsini na moja chini ya sifuri. Ile nguo ya kiwele niliyomshonea kwa ngozi ya sungura iliganda kama sufuria. Alikuwa anatoa lita sita. Leo nne.

Shamba la serikali lilipovunjwa nilipewa ng'ombe wawili. Hawa watano wengine sikupewa na mtu. Na ni wewe niliyetaka kukuachia zizi Februari, niende kutibiwa jicho! Nieleze.

Dada yako,
Agrafena

Yakutsk, 17 Januari

Shikamoo dada,

Sisi hatujambo. Tuyara anakusalimu, anasema niombe radhi kwanza, nijitetee baadaye. Nisamehe.

Sasa najitetea. Mimi ni fundi wa mabomba ya joto, mwaka wa kumi na nne huu. Nilipoziba, kipimajoto cha zizini kilitoka nyuzi tatu kikafika nane. Nane, dada!

Tuyara amesoma hapo juu, anacheka: "Mwambie ukweli, we bwana." Haya. Ng'ombe hawakulalamika. Mimi ndiye niliyeona baridi. Nakamua, vidole vimekufa ganzi, na upepo wa lile tundu unanishukia shingoni. Nikachukua koti la zamani msumarini, nikaziba. Nilinyamaza kwa kuwa ungenicheka mpaka mto uyeyuke.

Bado nataka kuja kukaa na ng'ombe hizo siku kumi na mbili za matibabu yako, kama unanitaka.

Mdogo wako,
Dulustan

Kijijini, 24 Januari

Mdogo wangu,

Nimecheka mpaka Kirsa akageuka kunitazama. Wote wazima hapa. Kidonda kimekauka, chuchu tatu zinafanya kazi, tumefika lita tano. Na kosa langu nalihesabu: siku kumi maji yananidondokea, nasema ni theluji ya juu ya paa. Mwenye macho mawili angeliona koti siku ya kwanza. Ndiyo maana lazima niende.

Sikiliza, fundi. Ng'ombe mkavu kwenye nyuzi tatu ni salama kuliko aliyelowa kwenye nane. Matandiko makavu kila asubuhi. Kiwele ukifute kabla hajatoka. Ukisikia baridi vaa makoti mawili, kunywa chai ya maziwa, imba, nenda kamlalie Kirsa ubavuni, yeye hana kinyongo.

Lori la mjini linaondoka Alhamisi, tarehe mosi. Ama nipande, ama nibaki na jicho langu hivi hivi kwa ajili yako. Sitaki habari za kipimajoto. Utaliacha tundu wazi siku zote kumi na mbili, hata vidole vikifa ganzi? Ndiyo au hapana. Telegramu yako ifike posta yetu Jumatatu, kabla ya saa sita mchana.

Dada yako,
Agrafena