Wenzangu Wasiokula Ngano

S.L.P. 17,
Bagamoyo.
3 Novemba 1974

Mpendwa dada Thuwaiba,

Shikamoo. Natumai waraka huu utakufikia huko Maskati ukiwa mzima, wewe, shemeji na watoto. Je, lile tumbo ulilolilalamikia limetulia? Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi, na safari hii neno hilo silisemi kwa mazoea tu.

Unakumbuka nilivyokuwa: nimekonda, damu imepungua, tumbo la kuendesha halinipi nafasi hata ya kukaa harusini. Wako waliosema kifua kikuu, wako waliosema nimerogwa. Mwaka huu mume wangu Azzan alinipeleka Dar es Salaam, na baada ya vipimo vingi daktari akasema nina maradhi yaitwayo siliaki. Matumbo yangu hayapatani na ngano. Dawa yake ni kuiacha maisha yote: mkate, chapati, sambusa, tambi, hata boko boko, maana nayo ni ngano iliyopondwa na nyama.

Tumbo likaanza kupoa, nyumba ikaanza kuwaka. Wamjua mama mkwe wangu, Bi Mwanaharusi, anavyojivunia mapishi yake. Siku ya hitima ya marehemu baba yake Azzan alinipakulia boko boko mbele ya wageni, nami nikairudisha sahani. Akaniuliza, "Salme, chakula changu kina sumu?" Nilijaribu kumweleza, akasema hajapata kusikia mtu mzima kukatazwa mkate. Tangu hapo hakusema nami ila kwa salamu. Azzan akawa katikati, hajui amtetee nani. Nikafikia kuwaza: heri nile tu, niugue mimi, nyumba ipone.

Daktari alikuwa ameniambia wako watu wazima wengine wenye maradhi haya, nao hukutana Kerege kwa mama mmoja aitwaye Bi Ashatu. Nilikwenda bila hamu. Niliwakuta wachache tu, wamekaa mkekani wanakula vitumbua. Nami nikauliza vimetiwa nini. Wote wakaangua kicheko, maana kila mmoja wao aliuliza hivyohivyo siku yake ya kwanza. Ni mchele mtupu! Dada, nilikula huku nalia. Sikumbuki lini nilikula kwa watu bila hofu.

Nikawatolea la moyoni, kwamba nataka kula ngano ili nimridhishe mkwe wangu. Bi Ashatu akanishika mkono.

"Mimi nilikula kuwaridhisha watu," akasema. "Wao waliridhika, mimi nikawa wa kubebwa. Usifanye hivyo, mwanangu."

Haukupita muda, kabla ya Ramadhani, nikasikia hodi mlangoni. Ni Bi Ashatu, na mwenzetu Mzee Bwanausi, fundi cherehani wa Saadani. Sikuwaita. Walimwamkia Bi Mwanaharusi, wakakaa. Mzee yule, na mvi zake, akamweleza jinsi alivyokuwa akikatisha sala msikitini kwa ajili ya tumbo, mpaka akaona haya kwenda. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake, lakini yeye alisema bila kupepesa.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia. "Kumbe hukunidharau?"

"Sijapata kukudharau, mama."

"Na wali mwaula?"

"Twaula," akajibu Bi Ashatu. "Na mhogo, na mtama, na nyama."

"Basi mbona mnanitisha! Haya ni mambo ya jikoni."

Siku ya Idi alinipikia arsia, wali uliopondwa na kuku, katika sufuria mpya ambayo hataki iguswe na unga wa ngano. Nilikula nikaongeza. Nguo zangu zimeanza kunibana, na Azzan amerudi kucheka.

Sasa dada yangu, nisikilize. Daktari alisema maradhi haya huweza kufuata damu ya ukoo. Usiache ngano kwa kubahatisha. Muone daktari kwanza akupime, na umwambie habari zangu. Usione haya. Yakiwa ndiyo haya, hutakuwa peke yako.

Nisalimie shemeji Hamoudi, na mwanao Salha umbusu. Azzan anakusalimu. Bi Mwanaharusi naye anakusalimu sana. Ameamuru wenzangu wa Kerege wakutane hapa kwetu mwezi huu, na tangu asubuhi anatwanga mchele.

Mwenyezi Mungu akupe siha na akukutanishe na wema.

Ni mdogo wako akupendaye daima,
Salme