Mstari wa Mkwe

Shikamoo, baba.

Najua safari hii marahaba yako haitanifikia, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo na sitaanza leo.

Desemba imefika tena. Hapa Kibaha joto limeshika mpaka kuku wanashinda chini ya gari bovu la jirani. Shule zikifungwa tu, moyo wangu unaanza kufunga mizigo kwenda Masaki, ile ya kwetu Kisarawe, siyo ya matajiri, kwa bibi mzaa mama. Ndivyo ulivyotuzoesha. Ulikuwa mwalimu wa hesabu uliyeshika chaki miaka yote, lakini ukifika ukweni unavua viatu, unakunja suruali na kuulizia jembe.

Unakumbuka ile Desemba nikiwa na miaka minane? Bibi alikupa mstari mmoja kando ya mikorosho ili upande muhogo. Ukazipanda pingili zote kichwa chini, macho ya kuchipulia yakiangalia ardhini badala ya juu, moja baada ya nyingine, huku unapiga mluzi. Bibi aliliona kosa tangu pingili ya pili. Ila mama mkwe atamwambiaje mkwewe kwamba amekosea, tena mbele ya watoto? Akajifunika mdomo kwa kanga, akaniita pembeni.

“Nenda kamwambie baba yako macho yaangalie juu. Usiseme nimekutuma mie.”

Nikaja mbio. “Baba, umekosea. Macho yanaangalia chini.”

Ukanitazama juu ya miwani. “Wewe unajua nini kuhusu muhogo?”

Ukaendelea mpaka mwisho wa mstari.

Mihogo iliota, baba, lakini ilitoka imejikunja, kila shina likitafuta njia yake ya kwenda juu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba alitaka kuing'oa, bibi akamkatalia: “Huo mstari wa mkwe wangu. Hauguswi.”

Basi ukawa mstari wako. Kila Desemba tulichimba mihogo yake, tukaichoma kwenye makaa, tukaila kwa chumvi na pilipili huku mikono yetu inanuka mabibo. Kisha tulipanda upya. Ulishajua kupanda wakati huo, lakini pingili ya mwisho uliigeuza kichwa chini makusudi, halafu ukatupa jicho pembeni kuangalia kama bibi ameona. Alikuwa ameona. Hamkulizungumza jambo lile hata siku moja, mpaka bibi anazikwa. Sijaona tena watu wawili waliopendana kwa adabu namna ile.

Desemba iliyopita ulikuwa umedhoofu, unashinda kwenye kiti nyuma ya nyumba. Ukaniambia, “Mwanangu, nipeleke Masaki nikaone mstari wangu.”

Nikakujibu, “Mvua ikikatika, baba. Barabara ni tope tupu.”

Tope lilikuwepo kweli, lakini gari la kuazima lilikuwepo pia, na watu walikuwa wanapita. Nilikuwa nimechoka tu, nikaitaka Jumapili yangu. Hukuniomba tena. Mvua ilikatika baada ya wiki mbili, nawe ulikuwa umeshatutangulia. Inaniuma, baba. Naamka nayo, napika nayo, nalala nayo.

Wiki iliyopita mjomba alipiga simu. Anasafisha lile eneo apande mikorosho mipya. “Njoo uchukue mbegu kabla sijafyeka,” alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayefurahia. Nikaenda na mjukuu wako Rehema. Kutoka Kisarawe mjini tulipanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa nahesabu mahali ambapo ungesema dereva apunguze mwendo. Nilisimama kwenye mstari wako muda mrefu. Kisha tukakata miti ya muhogo, tukaifunga kwa kanga na kurudi nayo Kibaha.

Jana jioni tulipanda nyuma ya nyumba, pale kilipokuwa kiti chako. Ni mstari mfupi, pingili kumi na mbili tu, maana uwanja wenyewe unaujua. Rehema alikuwa ananipa moja moja. Ya mwisho nikaigeuza.

“Mama, umekosea hiyo,” akasema. “Macho yanaangalia chini.”

“Wewe unajua nini kuhusu muhogo?”

Nilitaka kumtania, lakini sauti ilinikatika katikati. Akanitazama, akaiacha pingili kama ilivyo, akaenda kuchota maji ya kumwagilia. Usiku nilimsimulia yote, hata habari ya Jumapili ile.

Nimekukumbuka sana, baba. Nimeukumbuka mluzi wako, na suruali yako iliyokunjwa mguu mmoja juu kuliko mwingine. Mungu akipenda, Desemba ijayo tutachimba, na muhogo wa kwanza kuiva kwenye makaa utakuwa wako.

Mvua ya usiku imekatika leo asubuhi. Barabara ya Masaki inapitika.

Pumzika, baba.

Binti yako,
yule mjumbe wa bibi