Matone Elfu Moja Kila Alasiri

Jumatatu, 3 Juni

Naapa kuandika kila kitu. Hata ya aibu. Mama anasema mtafiti anayeficha tone moja amemwaga ndoo nzima, na tangu asubuhi ya leo mimi ni mtafiti msaidizi. Sikuomba. Nimeteuliwa mezani, mkate ukiwa mdomoni.

Nianze mwanzo. Mama anasoma shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao. Chuo kiko mbali sana — sisi tukila chakula cha mchana, wao ndiyo kwanza wanaamka. Somo lake linaitwa uchangamano na vurugu. Bibi, mama yake Baba, alipoambiwa aliweka kikombe chini.

"Vurugu? Mtu mzima anakwenda shule kusomea vurugu? Si angekaa tu hapa na sisi!"

Mama alieleza kwa upole. Vurugu ya vitabuni si fujo. Ni kitu kinachofuata kanuni, tena kanuni rahisi, ila ukikisogeza kidogo tu mwanzoni, mwisho wake hutautambua. Mfano, bomba linalovuja. Likivuja polepole matone yanakuja sawasawa, kama wanafunzi kwenye mstari. Ukilifungua unywele mmoja zaidi, yanakuja mawili mawili. Unywele mwingine — hujui tena lijalo litakuja lini. Lakini ukizichora zile nyakati kwenye grafu, linatokea umbo. Umbo! Ndani ya uvujaji!

Bomba letu la jikoni linavuja tangu nikiwa darasa la tano. Kumbe miaka yote hii tulikuwa na maabara.

Kazi yangu: kila siku saa kumi alasiri nakaa mbele ya sinki na kompyuta ya Mama. Tone likianguka, nabonyeza kile kitufe kirefu cha chini, na kompyuta inaandika muda. Matone elfu moja bila kupumzika. (Kwanza Mama alijaribu kipaza sauti. Kilirekodi chafya za Baba.) Mwenyewe hawezi, saa hizo yuko kazini. Kazini kwake ni ofisi ya maji, dawati la malalamiko. Anawaambia watu wazibe mabomba yanayovuja.

Akipata shahada hii atahamishiwa kitengo cha mipango, ghorofa ya tatu, kwenye kiti kilicho karibu na dirisha. Ameshaonyeshwa hicho kiti. Miaka kumi na moja amekaa chumba kisicho na dirisha, akifokewa. Nataka apate lile dirisha. Nataka sana.

Jumatano, 5 Juni

Sheria zimebandikwa mlangoni. Saa kumi hadi saa kumi na moja: marufuku kufungua bomba la bafuni, marufuku kuvuta maji chooni, kwa sababu msukumo wa maji unabadilika na matone yanachanganyikiwa. Bomba la jikoni: marufuku kuguswa na yeyote, wakati wowote.

Baba ni kinyozi. Anarudi saa kumi na nusu akiwa na nywele za watu shingoni, anataka kuoga. Leo alikaa kwenye kiti cha mlangoni akijikuna hadi nilipofika tone la elfu moja.

"Mke wangu," alimwambia Mama usiku, "nilikuoa ukiwa mtu wa kuziba."

Bibi ameweka beseni chini ya bomba. Haba na haba, anasema, na maua yake yana kiu. Mama aliinama akalitazama lile beseni dakika nzima, kisha akaliruhusu.

Jumamosi, 8 Juni

Matone elfu moja. Hakuna jipya. Kidole kimevimba kidogo. Nimeanza kubonyeza hata nikiwa nimelala — Bibi, ninayelala naye chumba kimoja, amelalamika.

Jumanne, 11 Juni

Niliapa. Basi naandika.

Leo nilichelewa kutoka shule, nikabugia mkate mkavu nikikimbilia sinki. Kwenye tone la mia tatu na kitu — kwikwi. Kila kwikwi inanirusha mwili mzima, na kidole kinabonyeza chenyewe. Tone, bonyeza. Kwikwi, bonyeza. Nikabana pumzi — nikakosa matone mawili kwa sababu macho yalitoa machozi. Bibi akaniambia kwikwi inatolewa kwa kushtuliwa. Akanijia kimyakimya kwa nyuma na kifuniko cha sufuria, akakigonga kwa mwiko.

Nilibonyeza mara sita.

Kwikwi haikutoka. Bibi akarudia. Mara tano.

Ilinipasa kuacha na kuanza upya, najua! Lakini Baba alikuwa mlangoni pa choo, anasimama kwa mguu mmoja, halafu ule mwingine. "Mwanasayansi! Bado matone mangapi?" Mia nne, nikamwambia. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Ningemwambia tunaanza moja?

Nikaendelea hadi elfu. Kompyuta ikayatuma yote chuoni yenyewe, kama kila siku. Kwenye daftari rasmi la Mama kuna safu ya mwisho inayoitwa Mengineyo, ya kuandika chochote kisicho cha kawaida. Niliandika: Hakuna.

Hakuna! Kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Ijumaa, 14 Juni

Msimamizi wa Mama amepiga simu ya video. Kamera yake imeelekea juu, kwa hiyo siku zote tunaona paji la uso tu. Bibi anamwita Bwana Paji na humwamkia kwa heshima zote.

Alisema siku nyingine zote zimetoa umbo la kawaida, zuri, linalojulikana. Lakini Jumanne! Jumanne imetoa umbo ambalo hajawahi kuliona. Lina mabawa matatu. Katika miaka yake yote ya mabomba, alisema, hajakutana na bawa la tatu. Tasnifu nzima ilizunguke hilo, ingawa utetezi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Paji lilikuwa linang'aa.

Mama alicheza na fagio. Mama yangu! Amelichapisha lile umbo na kulibandika kwenye friji.

Bibi akalisogelea na miwani. "Mbona kama kuku aliyekanyagwa?"

Mimi naliona vizuri. Bawa la kwanza ni bomba. La pili ni kwikwi. La tatu, lile dogo lililopinda, ni kifuniko cha sufuria.

Nilijaribu. "Mama, ile Jumanne…"

"Najua, mwanangu. Ile Jumanne ulitulia kuliko siku zote. Inaonekana kwenye data." Akanibusu utosini.

Bibi alinitazama. Akaenda kumwagilia maua yake.

Jumatatu, 17 Juni

Imekuja barua kutoka ofisi ya maji. Msoma mita amegundua kwamba mita yetu inazunguka hata wakati hakuna mtu nyumbani. Tunaonywa kwamba bomba linalovuja ni aibu ya nyumba na hasara ya jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuzibe ndani ya siku saba.

Chini kuna sahihi ya Mama.

Anatia sahihi barua mia mbili kwa siku, hazisomi. Baba aliisoma kwa sauti akiwa amesimama, mara mbili, na sahihi akaisoma mara tatu. Mama akamwambia aitupe. Baba akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati.

"Barua ya ofisi haichezewi," alisema. "Tena huyu aliyesaini namfahamu. Mkali."

Jumatano, 19 Juni

Nimerudi shule, nimefungua mlango — kimya.

Sijui nieleze vipi. Ni kama mtu wa nyumbani amehama. Bomba limekauka, linang'aa. Baba ameleta fundi bomba saa nne asubuhi, akamwonyesha barua, na fundi ameweka mpira mpya ndani. Baba alikuwa ameoga. Saa kumi na robo, ameoga!

Mama alipofika alikaa juu ya beseni la Bibi lililopinduliwa, akiwa na mkoba begani. Hakufoka. Ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba Jumamosi anatetea tasnifu, na watahini wameomba kuliona bomba likivuja mbele ya kamera, matone elfu moja, waone wenyewe kama bawa la tatu litajitokeza.

Baba akatoka mbio bila viatu kumrudisha fundi.

"Shikamoo, fundi," nilisema. Aliitikia huku anamwangalia Mama. Mama akamwambia anataka bomba livuje tena. Vilevile.

"Mama, miaka ishirini na mbili naziba. Leo naambiwa nivujishe. Haya. Vilevile vipi?"

"Kama ilivyokuwa saa tatu na dakika hamsini na tisa."

Ule mpira wa zamani ulipatikana. Bibi alikuwa ameuokota na kuuweka chini ya mguu wa meza isitikisike. Fundi akaurudisha. Bomba likavuja, lakini polepole mno. Akakaza, akalegeza. Likavuja mno. Akakaza nusu ya nusu. Mama alikuwa na saa mkononi, anatikisa kichwa. Akamweleza fundi kwamba hiyo ndiyo nadharia yenyewe: mfumo ukiguswa kidogo tu mwanzoni, haurudi ulivyokuwa.

Fundi akafuta mikono. "Hilo kila fundi analijua, mama. Ukifungua kitu, hakirudi kilivyokuwa. Mnalisomea muda gani?"

"Miaka miwili."

Fundi akaweka spana chini kwa heshima.

Alhamisi, 20 Juni

Linavuja. Nimepima elfu mbili. Umbo la kawaida, zuri, linalojulikana. Bawa la tatu hakuna. Mama anasema tusikate tamaa, bomba ni lilelile, mpira ni uleule, mpimaji ni yuleyule.

Mpimaji ni yuleyule. Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika haraka, kurasa zitachafuka, sijali.

Tuko jikoni wote. Mama yuko mezani, amevaa gauni lake la ofisini. Baba amefunga tai. Fundi bomba amekuja bila kuitwa, amepiga pasi shati, ameshika spana kifuani kama mlinzi. Bibi yuko kwenye kigoda karibu na jiko. Mimi niko mbele ya sinki, kidole juu ya kitufe.

Kwenye skrini kuna Bwana Paji na mtahini wa nje, mama mmoja mwenye uso mzima na sauti ya upole. Mama alieleza vizuri! Nusu saa bila kujikwaa, hata fundi alikuwa anaitikia kwa kichwa. Yule mtahini akasema kazi ya Mama imemfurahisha, hata bila bawa. Hata bila bawa, alisema hivyo, nimesikia. Lakini tasnifu imeandikwa juu ya bawa, akasema, kwa hiyo ana swali moja kabla ya kuona matone. Ile Jumanne, je, kulikuwa na kitu chochote kingine humo chumbani?

Mama akatabasamu. Akafungua daftari rasmi, akaligeuzia kwenye kamera. "Msaidizi wangu hakosei. Ameandika hapa: Hakuna."

Akanigeukia ili nami niitikie kwa kichwa.

Na hapo mtandao ukakatika. Paji limeganda. Mtahini ameganda akiwa amefumba jicho moja. Baba amepanda juu ya kiti, ameinua simu hadi darini kutafuta mtandao, anasema "Naona alama moja… imeondoka… imerudi." Mama ananong'ona nisiogope, nibonyeze kama siku zote.

Bibi ameinuka kwenye kigoda. Amechukua kile kifuniko cha sufuria ukutani. Amerudi kukaa, amekishika mapajani na mwiko juu yake, ananitazama. Hajagonga. Ameniambia taratibu, "Mjukuu wangu, nimekaa kimya siku kumi na moja. Sasa sema wewe. Au nigonge, nao wapate kuku wao?"

Mama ameuliza kuku gani.

Nikikaa kimya na Bibi akigonga, bawa litatokea, na hakuna atakayejua kamwe. Nami nahisi kwikwi inakuja. Iko hapa kifuani, inasubiri.

Baba anasema alama mbili. Paji limeanza kutikisika.

Mama, nakupitishia daftari hili chini ya meza. Ni langu, si lile rasmi. Rudi nyuma hadi Jumanne, tarehe 11, usome haraka. Kisha nijibu hapa chini, hata kwa neno moja, kalamu iko ndani: nikiwaambia ukweli sasa hivi, bado utapata dirisha?