Picha ya Baba Mkwe Iko Chini

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimejitia kiherehere tena. Jumamosi ni ukumbusho wa baba mkwe, na picha yake ya pekee ilikwenda na mafuriko. Nikasikia mdomo wangu ukisema, niachieni mimi! Eti studio iliyompiga picha mwaka 1979 imeweka mtandaoni picha zote ilizowahi kupiga. Seline mke wangu akaichomeka simu yangu kwenye chaji. Ananijua.

Jumanne, 6 Mei
Za mwaka huu ndizo za kwanza. Nikashuka kwa kidole kwenye simu hadi 2011. Kila ukidhani umefika mwisho — zinamiminika nyingine! Mama mkwe akapiga simu: Baba Winny, umempata mzee? Nikasimama wima kwa heshima, ndiyo Mama, karibu Mama. Kurudi kwenye picha — niko juu kabisa! Bibi harusi wa mwaka huu na keki yake.

Jumatano, 7 Mei
Nimeenda studio. Nikamuuliza Mathews, mwenye studio, mzee yuko ukurasa wa ngapi. Akacheka. Hakuna kurasa, mzee wangu, ni kushuka tu. Hata Biblia ina sura na mistari! Basi nipe namba ya fundi aliyeitengeneza hiyo tovuti. Iko chini kabisa, akasema. Yeye mwenyewe hajawahi kufika.

Alhamisi, 8 Mei
1994. Mama akapiga. Bibi harusi.
Seline: si umwambie asipige? Mimi! Nimkataze mama mkwe! Mwambie wewe, ni mamako. Akamwambia. Mama akanipigia papo hapo kuuliza kama simu zake zinanisumbua. Hapana Mama, hata kidogo.
Bibi harusi.

Ijumaa, 9 Mei
Kidole gumba kimevimba. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kazini. 1983. 1980. Saa nane mchana — 1979! Vijana na suruali zao pana. Seline ameinama begani kwangu. Kofia imetokea. Netiwaki ya hapa Nyamasaria inamleta mzee kidogo kidogo, kama anabisha hodi. Paji la uso. Ni baba, Seline anasema — sauti hiyo sijaisikia tangu tumzike. Bado macho. Macho yakija tu, naunasa uso kwa picha ya skrini, kwisha!
Simu inalia. Mama.
Seline ameniwekea mkono begani, ananikandamiza kitini. Usipokee, anasema.
Inalia bado.
Nimeshasimama wima.