Gitaa Lenye Mafua

Jumanne, 17 Juni

Leo baiskeli tatu. Mbili pancha, moja mnyororo. Nimerudi saa kumi na moja, nimefagia studio kama kila siku. Chini ya meza nimeokota kipande cha plastiki cha pembe tatu. Vipande hivi mke wangu Vero alivikata kwenye vifuniko vya ndoo, ndivyo alivyopigia gitaa. Nimekitia mfuko wa shati.

Ndoano ukutani bado tupu. Asubuhi ya mazishi yake gitaa lake lilikuwapo. Jioni halikuwapo. Siku ile nililala chumbani, sikutaka kuona mtu. Nilisikia mwanamke akipiga kelele uani, nikadhani analia.

Sijamwambia mtu. Namwangalia kila anayekuja.

Alhamisi, 19 Juni

Hemedi amekuja tena. Mara ya tatu. Alipiga besi kwenye bendi miaka kumi na moja, Vero akipiga solo na kurekodi nyimbo zao zote humu ndani. Ameomba ufunguo wa studio. Wimbo wa mwisho haujaisha, anasema, imebaki besi tu.

Alikalia kiti kinachotazama ndoano. Hakuuliza gitaa liko wapi. Mtu aliyesimama pembeni ya gitaa hilo miaka yote, anaona ndoano tupu, anazungumzia baridi ya asubuhi.

Nimemwambia sijui ufunguo nimeuweka wapi. Ulikuwa mfukoni. Sipendi kudanganya. Nimedanganya.

Jumapili, 22 Juni

Kwaya imeimba vizuri leo. Vero alianzia kwaya, parokia ya kwetu milimani. Siku ya kwanza alipochomeka gitaa la umeme akaikwaruza sauti, padri aliuliza ni nini kimeharibika. Alipoanza roki hapa mjini Masoko, watu wa sokoni walisema gitaa lake lina mafua. Lindi yeye na bendi walifukuzwa harusini mara mbili. Hakukasirika. Alichukua rangi nyeupe akaandika kwenye mwili wa gitaa: MAFUA. Baadaye vijana walitoka hadi Dar kuja kurekodi kwake, wanataka sauti ile ile ya mafua.

Nani asingelitamani gitaa kama hilo?

Jumatano, 2 Julai

Dereva wa bodaboda, yule ninayemzibia pancha, kapita jana nyumbani kwa Hemedi. Kasikia gitaa la marehemu. "Lile lile la mafua, mzee. Nikasimama kabisa."

Nilikuwa nakaza spoku ya gurudumu. Nimekaza mpaka ikakatika.

Basi ni yeye.

Nimebadilisha kufuli la studio.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemtuma dada yangu Agnesi akamwambie Hemedi asije kwenye arobaini. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia aende tu. Aliniangalia sana, kisha akaenda.

Nilidhani nitapata nafuu. Sijapata.

Jumamosi, 12 Julai

Misa, kisha wali uani. Watu wanakula, akaingia Bi Tabu, mtani wetu, muuza mihogo wa Somanga. Amevaa koti la Vero la jukwaani. Begani gitaa. MAFUA.

Alikwaruza nyuzi kama kuku anayechakura. "Mgane gani wewe! Nimemteka mkeo siku arobaini, namlaza kitandani, namfunika shuka, hata kuja kumkomboa huji! Kumbe ulishamchoka?"

Uani wote wakacheka. Mimi nimesimama na sahani. Agnesi akaninong'oneza: siku ya mazishi si alitangaza hapa hapa kwamba analichukua gitaa kiutani, mpaka ulikomboe? Ndiyo zile kelele nilizodhani ni kilio. Kila mtu alijua. Kila mtu alidhani najua. Ningeuliza mara moja tu ningeambiwa.

Nimelikomboa kwa jogoo. Bi Tabu akasema jogoo mwenyewe amekonda kama mwenye nyumba. Nikacheka. Mara ya kwanza tangu Vero afe. Halafu nikakumbuka nani nilimkataza asije.

Hemedi hakuzisikia kelele zile. Siku ya mazishi alikuwa makaburini, anachimba kaburi.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda kwa Hemedi na gitaa. Alikuwa barazani na simu yake, na simuni Vero anapiga. Ule wimbo wa mwisho. Vero alimtumia kabla hajaugua, aufanyie mazoezi ya besi. Ndio aliousikia bodaboda.

Nilimweleza yote. Sikupunguza.

Alizima wimbo. Kisha akasema, "Mimi nilidhani umeliuza, shemeji. Nikaona aibu kukuuliza."

Tulikuwa tukiitazama ndoano moja, kila mtu na mwizi wake.

Hakusema amenisamehe. Alichukua gitaa akaanza kuziweka nyuzi sawa, moja moja, maana Bi Tabu alizilegeza zote. Uzi wa tatu hakuukaza hadi mwisho. Vero alizoea kuuacha hivyo hivyo, umeshuka kidogo. Nikampa kipande cha plastiki. Ufunguo mpya nikauweka kwenye mkeka, kati yetu.

Muda mrefu hakuugusa. Nilipoinuka kuondoka, aliuchukua.